Nyumba Isiyo na Watoto

Jumatatu, 8 Septemba
Kesho kata inahesabu watoto wa chini ya miaka mitano. Luqmani, karani wetu hapa Makorora, anasema mtaa wenye watoto wengi ndio utakaobaki na kliniki. Maneno matamu! Nani alishawahi kuhesabiwa ili apewe? Wanatafuta choo changu. Shimo moja, vyumba sita vya wapangaji. Wakijua idadi ya vichwa, bwana afya ataniamuru nichimbe la pili. Mimi Altaf si wa kuchezewa.

Jumanne, 9 Septemba
Ushindi! Asubuhi nimewapeleka watoto tisa wa wapangaji kwa dada yangu Rehmatbai, nyuma ya soko, kwa ahadi ya katuni na kashata. Mama zao wakadhani nimeingiwa na wema. Ruthi, mkaanga vitumbua wa chumba cha mwisho, ndiye aliyesita kunipa kichanga chake. Alizaliwa njiti, hajazoea watu. Nikamtoa wasiwasi.
Luqmani akaona nepi kwenye kamba. Nikasema matambara ya jikoni. Akanitazama sana, akaandika sifuri. Kwa Rehmatbai pia alipita. Dada akajibu hao wageni, wana kwao. Basi hawakuwa popote!

Jumamosi, 20 Septemba
Kliniki imehamia ng'ambo ya reli, mtaani kwa Bi Fakhria, mwenye nyumba mwenzangu. Yeye watoto wa wapangaji wake aliwapanga barazani siku ya kuhesabiwa, kawaogesha kabisa. Leo kaniuliza mbele ya muuza kahawa kama ni kweli kwangu watu huzaliwa na ndevu. Hata muuza kahawa kacheka. Na kahawa yake ninainywa kila siku!

Alhamisi, 9 Oktoba
Mtoto wa Ruthi anatakiwa kupimwa uzito kila wiki. Kakosa mara mbili. Foleni ya kule ndefu, na vitumbua ni biashara ya asubuhi. Leo nimembeba mwenyewe, mwavuli mkono wa pili. Mwepesi mno. Dukani nabeba doti za khanga nzito kuliko yeye. Uzito umeshuka. Nesi akauliza nyumba gani, nikataja. Akasema nyumba ile haina mtoto. Sikupata pa kuweka uso.

Ijumaa, 10 Oktoba
Nimemwendea Luqmani kuungama. Nikawataja wote kwa majina. Akasema, mzee wangu, hesabu imeshakwenda, na kliniki haina magurudumu. Chanjo za mtaa wetu zitakuja kwa idadi ya watoto walioonekana.

Jumapili, 12 Oktoba
Ruthi kahama. Kapanga kwa Bi Fakhria, karibu na mizani. Hakunitolea neno baya. Kaniachia vitumbua kwenye sahani, kaifunika. Vimenishinda kula.

Jumatatu, 13 Oktoba
Bwana mifugo kapita kuhesabu mbuzi wa mtaa. Eti kwa ajili ya chanjo. Eti bure! Namjua huyo, anatafuta ushuru wa zizi. Nimemwambia sina hata mmoja. Wamo chumbani kwa Ruthi, mlango nimeufunga, redio nimeifungulia mpaka mwisho.