Nilikwenda Mwakiro Kunywa Chai, Nikaposa

Leo nimeaibika kwa lugha mbili. Kiswahili kimeniangusha, Kirundi kikanimalizia. Naandika nikiwa Muyinga mjini tunakolala, miguu imo kwenye beseni la maji ya moto, na wenzangu wako upande ule wa baraza wanacheka. Wakinyamaza kidogo, mmoja anairudia ile sentensi, wanaanza upya. Kwa hiyo kabla hawajawafikia nyie, bora mlisikie kutoka kwangu.

Kwa wasionijua: naitwa Elia. Nimezaliwa na kukulia Tanzania, wazazi wangu walikokimbilia, nikarudi Burundi nikiwa mtu mzima. Nafanya ukarani katika shule moja Gitega. Kirundi changu ni cha kuombea chumvi tu. (Na mara nyingine naletewa sukari.)

Basi. Mnakumbuka ile video niliyowatumia, ya kule Himalaya? Watu wanatembea bondeni, milima imewazunguka, kila baada ya mwendo kuna nyumba ya mtu. Wanaingia, wanapewa chai, wanapumzika, wanaendelea. Mbele yao yupo mwongozaji mwenye kofia na fimbo, kila anachosema wanaitikia. Niliitazama mpaka bando likaisha. Nikasema: milima si tunayo? Chai si tunayo? Nyumba za watu wakarimu si zimejaa? Kinachopungua ni theluji, na theluji hakuna aliyeiulizia.

Nikatangaza shuleni. Matembezi ya Bonde la Chai, Mwakiro, mkoani Muyinga! Mwongozaji: Elia.

Sasa niseme ukweli. Sikufanya haya kwa ajili ya utalii. Nilifanya kwa ajili ya Spesi. Spesi ni mwalimu wetu wa Kifaransa, mzaliwa wa Gitega, na Kirundi chake kimenyooka hadi naogopa kumsalimia. Nampenda tangu mwaka jana. Kila nikitaka kumwambia ulimi unakuwa mzito, nabaki kumuuliza habari za wanafunzi wake. (Wanafunzi wake wote nawajua kwa majina sasa.) Nikapanga hivi: shuleni mimi ni mtu wa kusahihishwa, lakini mlimani nitakuwa mwongozaji. Tukifika kituo cha mwisho, kikombe mkononi, bonde lote liko chini yetu, nitamwambia. Leo ndiyo ilikuwa siku yenyewe.

Kituo hicho cha mwisho nilichagua kwa Mama Leokadia. Kwake sijawahi kuingia, ila shamba la marehemu babu yangu liko njia hiyohiyo, nami hupita nikiona boma safi, uzio umekatwa vizuri, bonde mbele, migomba nyuma. Na chai yake ya maziwa na tangawizi inasifiwa kilima kizima. Nikapata namba yake kwa jirani, nikapiga wiki hii.

Nilichotaka kusema ni "naomba kushika nafasi hapo kwako." Lakini nikaona, mama wa watu, mtu mzima, nimheshimu kwa Kirundi. Nikatafsiri kichwani neno kwa neno. Kushika: gufata. Nafasi... nikakosa. Lango la boma nikalikumbuka: irembo. Nikaona linatosha. Nikatamka kwa sauti ya mtangazaji wa redio:

"Mama, turaza gufata irembo!"

(Mnaojua Kirundi tayari mmeshika vichwa. Kwa wengine: turaza ni tunakuja, na gufata irembo ni hatua ya kwanza ya kuposa. Unakwenda na watu wako na vinywaji vyako, unajitambulisha, unasema umeona binti. Mimi nimelijua hilo leo mchana. Siku ile nilijua nimepanga chai.)

Kisha nikasikia: "Yooo! We ni nani?"

"Elia, mama. Mjukuu wa yule mzee wa shamba la chini."

"Ule alikulia Tanzania? Na utakuja we mwenyewe?"

"Mimi mwenyewe! Na watu wangu kutoka Gitega."

"Na vinywaji?"

"Soda nitabeba, mama, usijali."

"Mais, ile yetu uliionaga wapi?"

Sasa, Kiswahili cha huku kimechanganyika na Kifaransa (mais ni lakini), tena hakibagui. Iko inamfaa mtu, iko inakifaa kikombe. Ile inaweza kuwa nyumba, ile inaweza kuwa shangazi yako. Nikajua anaulizia boma.

"Nimeiona nikipita njiani," nikamjibu. "Nimeipenda sana, mama. Ni nzuri mbele, na nyuma ndiyo usiseme!"

Nikasikia anaita watu. Halafu vigelegele! Nikasema moyoni, kumbe watu wa Mwakiro wanathamini utalii namna hii.

Leo asubuhi tukaanza. Mimi mbele: shati jeupe lililopigwa pasi, kofia, fimbo mpya. Nyuma yangu walimu wa Gitega kwa mstari mmoja, kila mtu na kifurushi cha sukari cha kuwapa wenyeji (wazo langu hilo, nililiona la kiungwana). Mwisho wa mstari alikuwa rafiki yangu Hamisi, muuza vitenge katika soko la Muyinga, na kreti ya soda kichwani. Alikubali kuwa mbebaji kwa sharti kwamba asiitwe mbebaji.

Mwanzo ulikuwa mtamu. Kila kilima nilikipa jina. Spesi akaniuliza, "Na hiki kinaitwaje?" Nikamwambia Kilima cha Subira. Mkulima aliyekuwa akipalilia kando ya njia akainuka, akatutajia jina lake la kweli, akaendelea kupalilia. Spesi alicheka, lakini kicheko kizuri, cha upande wangu. Tulipovuka kijito nikampa mkono, akaushika, na tulipofika ng'ambo hakuuachia haraka. Nyumba mbili za kwanza tukanywa chai vizuri kabisa. Nikaona mambo yananinyookea.

Tukafika kwa Mama Leokadia.

Kiwanja kimefagiliwa. Viti vimepangwa safu mbili zinazotazamana. Wazee wako ndani ya makoti, akina mama wamejifunga imvutano begani, zile nguo za sherehe. Nikawageukia wenzangu nikawaambia kwa majivuno, "Mnaona huduma?"

Hamisi akasimama langoni na kreti yake. "Chef," akanong'ona, "hapa iko kitu."

Hakumaliza. Akina mama walimpokea kreti kwa vigelegele, wakapokea na sukari yote, wakanikalisha kiti cha mbele, peke yangu. Spesi akaniinamia. "Elia, hawa watu uliwaambia nini?"

"Niliwaambia tunakuja. Wewe furahia tu."

Akatazama viti. Akatazama wazee. Akatazama shati langu jeupe. Kisha akauma mdomo, akaenda kuchagua kiti ambacho angeona kila kitu vizuri. (Huyo ndiye mwanamke ninayempenda. Angeweza kuniokoa pale pale.)

Akasimama mzee mmoja mwenye tai nyekundu. "Mi ni Ferdinandi, mjomba ya mutoto," akasema, nami sikuuliza mtoto gani. "Nitasema Kiswahili, juu mugeni wetu alikulia Tanzania. Alors, basi, wageni, mumetoka mbali na mavumbi kwa miguu. Ni nini iliwaleta? Muko munatafuta nini kwetu?"

Swali zuri hilo kwa mwongozaji! Nikasimama, nikaegemea fimbo.

"Wazee wangu, tumevuka milima na vijito. Huko tulikopita tulikaribishwa, lakini moyo wangu ulikuwa huku. Kwenu kuna kitu kizuri ambacho nimesikia sifa zake siku nyingi. Leo nimekuja kukionja."

Makofi. Mzee Ferdinandi akatikisa kichwa akiwatazama wenzake, kama kusema kijana amefundishwa kwao. Nikapata nguvu.

"Tena sikuja kwa ajili yangu peke yangu. Kitu kizuri kama hiki hakifai kuwa cha mtu mmoja! Mkiniruhusu, kila mwezi nitaleta kundi jipya. Nataka Gitega nzima ionje!"

Makofi yakakatika. Hamisi akaanza kukohoa.

"Gitega muzima?" akauliza Mzee Ferdinandi.

"Nzima, mzee! Na baadaye hata wazungu."

Mzee akakaa chini polepole. Akamgeukia Mama Leokadia. "We dada, huyu ndiye alisema kwa simu ile maneno?"

"Ni yeye," akajibu mama wa watu, macho chini. "Alisema iko muzuri mbele, na nyuma hata usiseme."

Wenzangu wote wa Gitega walisikia. Mwalimu wa hesabu akaficha uso ndani ya kofia.

"Ndiyo," nikasema, bado najiamini, "nilikuwa naizungumzia nyumba."

"Nyumba gani?" mzee akafoka. "Tuliulizia Leokadia!"

"Leokadia si jina la nyumba?"

"Leokadia ndiyo mutoto!"

Mlango wa nyumba ukafunguka, akatoka Leokadia mwenyewe. Dada mrefu, bega pana, amependeza, na amekasirika. Akanitazama kuanzia kofia, akashuka taratibu hadi viatu, akapanda tena.

"Huyu?" akauliza. Kisha akatoa jibu bila kusubiri: "Oya."

Yaani hapana. Akarudi ndani, akafunga mlango.

Jamani, nimekataliwa na mtu ambaye sikumwomba! Na iliniuma. Sijui kwa nini iliniuma.

Spesi alikuwa amecheka hadi ameteleza kwenye kiti. Akajikusanya, akafuta machozi, akasimama akawaeleza kwa Kirundi. Niliambulia "Himalaya", niliambulia "chai", na neno moja ambalo hata mimi nalijua, ikijuju, yaani mjinga. Hapo boma zima likalipuka. Mzee Ferdinandi alifuta macho kwa ile tai yake. Mzee mwingine alilazimika kushikwa.

Aliyebaki hacheki ni Mama Leokadia. "Na majirani mi niliita?" akasema. "Kesho nitapita wapi?"

Hilo lilinichoma kweli. Mama wa watu aliazima viti, akavaa, akafurahi mbele ya kilima kizima, kwa sababu mimi nilitaka kujifanya najua. Nikavua kofia, nikapiga goti, nikamwomba radhi kwa Kiswahili. (Kirundi nimekiogopa sasa.) "Chai mutakunywa," akasema, "juu iko tayari. Mais we, utaosha vikombe byote."

Nikakunja mikono ya shati jeupe. Watu wakanywa chai, na ni kweli, ile chai haina mfano, naambiwa. Mimi nilikuwa kwenye karai. Mwongozaji wa Bonde la Chai nimekalia kigoda nasugua vikombe, na kila mzee anayemaliza chake ananiletea mwenyewe ili anione kwa karibu.

Nikadhani yameisha. Lakini Mzee Ferdinandi alikuwa na swali.

"Mi bado siko naelewa," akasema kwa sauti. "Kijana apande milima yote ile, na shati ya pasi, na fimbo, juu ya chai tu? Haiwezekani. Huyu iko na mutu anatafuta. Ni nani?"

Nikasugua kikombe kilichokwisha kutakata. Nikamtazama Hamisi kwa macho ya kumsihi. Hamisi, rafiki yangu, mtu niliyekula naye miaka yote hii, akanyoosha mdomo wake upande wa Spesi.

"Iko pale," akasema. "Ile imeshika kikombe ya bluu."

Kiwanja kizima kikageuka. Spesi akaacha kucheka. Akaweka kikombe mapajani, akanitazama moja kwa moja, na uso wake sikuweza kuusoma.

"Mi sijaombwa kitu," akasema.

Hapo ndipo ningeweza kufa. Mwaka mzima nimeikwepa sekunde hiyo moja, nayo imenikuta kwenye karai, mikono ina mapovu, mbele ya wazee wasionijua, walimu wote wa shule yetu na mama niliyemwaibisha. Nikisema ni aibu. Nisiposema, sitasema tena maisha yangu yote. Nikainuka. Kuna neno moja la Kirundi ambalo nimelifanyia mazoezi tangu mwaka jana, mbele ya kioo.

"Ndagukunda," nikasema. Sauti ikatoka ya mbuzi.

Nakupenda, ndiyo maana yake. Hilo sikukosea.

Spesi akaweka mkono sikioni. "Ongera, rudia. Watu ba nyuma hawakusikia."

Nikarudia! Kwa sauti! Kigoda kikaanguka, vigelegele vikapanda, hata Mama Leokadia akacheka mwishowe, na dirisha la nyumba likafunguka, Leokadia akatoa kichwa: "Na mi, mbona hakuniambia hivyo?"

"Nimesikia," akasema Spesi. Akachukua kikombe chake, akamalizia chai, akaniletea nikioshe. Basi. Njia yote ya kurudi hakuligusa tena neno lile. Alinifundisha majina ya kweli ya vilima, kimoja kimoja, na nilipokosea alinirudisha mwanzo.

Sasa hivi amekuja akakaa kando ya beseni langu, amesoma haya yote, akasahihisha Kirundi sehemu mbili. Aliifuta ile sentensi ya kuteleza kwenye kiti; nimeirudisha. Kisha akaniambia jambo moja refu kwa Kirundi, haraka haraka, bila kutabasamu, akaondoka kwenda kulala. Nimeambulia maneno mawili: "mama", yaani mama yake mzazi, na "ku wa Mungu", ambayo ni Jumapili.

Anayejua Kirundi na kutunza siri anitafute kabla ya Jumapili. Wenye kutaka kucheka, naomba mvumilie hadi Jumatatu.