Minou na Firigisi ya Bakwe

Ba mama, leo nimevuliwa nguo mbele ya bakwe. Na kitenge yangu ilikuwa imefungwa muzuri kabisa!

Nianze na Minou. Minou ni paka. Madame mwenye nilikuwa ninamufuliaka nguo kule Karavia alikimbia na bazungu benzake, mwaka ile ya fujo. Alibeba bikombe. Alibeba hata rido za dirisha. Paka akaiacha ku baraza. Nilipopita kuangalia kama kuko bado muntu, nikaikuta imekonda, mbavu inje, inalilia mulango yenye haitafunguka tena. Nikaifunga mu kitenge sawa mutoto, nikaileta huku kwetu mu mutaa, komini ya Kenia.

Bantu bakasema! "Paka ya bazungu, utailisha nini?" "Mwanamuke muzee na paka, huyo ni mulozi." (Banasema vile, kisha panya ikibatafuna miguu, banakuya kuniazima Minou.) Mi sijali. Tangu Minou ifike, unga yangu inalala salama. Baridi ya mwezi ya sita, inanilalia ku miguu, na mujane kama mimi hakatai mwenye kumupasha moto. Tena iko na adabu. Ikiua panya, haikuli kwanza. Inaileta, inaiweka ku muguu yangu, inaniangalia usoni mupaka niseme: "Merci, Minou." Njo inaenda kukula. Batoto benye nilizaa mwenyewe habajanifanyiaka vile!

Basi, leo. Bakwe balikuwa banatoka Kipushi juu ya mujukuu yangu Odile. Kijana anamupenda, lakini bazee yake balikuwa bado kukubali. Odile hakuli, halali, analia tu. Sasa bazee bapite mu mabarriere ya basoda benye bunduki, baonyeshe makaratasi, bashushwe mu motokari, kisha bakuye kukosa heshima kwangu? Ata! Kuku ni ngumu kupata siku hizi. Nilienda mupaka Kasungami na miguu, nikarudi na jogoo moja, inanidonoa njia yote.

Na munajua wenyewe: firigisi ni ya mukubwa ya bageni. Mwanamuke haigusi. Ukipeleka kuku bila firigisi, umemuambia mugeni arudi kwabo, mwanamuke hakuna.

Nikapika. Firigisi nikaiweka juu kabisa ya sahani, inang'aa na mafuta, nikafunika na kitambaa. Nikamuambia jirani yangu Mama Feliste, mwenye alikuya kusonga bukari: "Unichungie hii, niende kuvaa."

Nikavaa. Nikajipakaa mafuta. (Mi bado mwanamuke muzuri, musisahau.)

Mama ya Odile hawezi kukula na bakwe, ni desturi, alibaki ku jiko. Njo mimi kambo, mwenye kuita Odile mujukuu, nikakaa nabo. Mukubwa yabo ni Papa Mwenze, baba mukubwa ya kijana, muzee ya ndevu nyeupe. Akanawa mikono. Akafunua sahani. Akageuza paja. Akageuza shingo. Akageuza tena paja.

"Mama," akasema polepole, "hii kuku ilikuwa inasaga chakula na nini?"

Nikaangalia: hakuna firigisi! Odile alikuwa ku mulango na kopo ya maji, anaangalia sahani.

Pale ningenyamaza. Ningeomba pardon. Lakini mimi? Nikasimama, nikaita na sauti yenye ilifika mupaka kwa bachuuzi ba marché:

"Mama Feliste! Firigisi ya bakwe umekula?"

Akatoka na mwiko mu mukono. "Mimi? Mimi mutoto ya bantu, nikule firigisi?"

"Nani mwingine alikuwa pale? Fungua kinywa!"

"Kinywa ya nani? We muzee, uniheshimu!"

"Fungua, nione!"

(Ndiyo. Mbele ya bakwe. Nikamushika na kidevu.)

Njo Minou ikaingia. Pole pole, mukia juu, sawa mukubwa ya komini. Ikapita kati ya miguu ya Papa Mwenze. Ikanifikia. Ikaweka firigisi ku muguu yangu, nzima, na alama kidogo ya meno. Ikakaa. Ikaniangalia usoni.

Nikajifanya siioni.

"Miau," ikasema. Inangoja. "Miau!"

Bakwe bote bananiangalia. Mukono yangu iko bado ku kidevu ya Mama Feliste.

"Merci, Minou," nikasema.

Mabega ya Papa Mwenze ikaanza kutetemeka. Nikafikiri ni hasira. Kumbe ni kicheko! Muzee alicheka mupaka machozi ikaingia mu ndevu.

"Nilitoka Kipushi," akasema, "nikijiuliza mukubwa ya hii nyumba ni nani, nimupatie maneno yangu. Paka imenionyesha. Kambo, mutoto yetu ataoa hapa. Lakini firigisi ni yako. Ukule!"

Nikatae, Odile abaki na machozi yake? Nikaisuuza na maji kidogo, nikakula mbele yabo bote. Mwanamuke ya kwanza mu jamaa yetu! Na niwaambie kweli, ba mama: ni tamu. Banaume balitufichaka kintu.

Odile anaimba ku jiko. Lakini Mama Feliste alienda kwake bila kuniaga, na mwiko yangu mu mukono. Ninaenda sasa kumupigia magoti. Kucheka mutacheka, najua. Mucheke pole pole tu: nyumba yake na yangu, ukuta ni moja.