Nimejitaja Kwenye Maombi ya Mtu Mwingine

Nyie, leo sina pa kuuweka huu uso. Nimeumbuka saa moja asubuhi, kwenye sala ya jumuiya, mbele ya watu wazima zaidi ya ishirini na msalaba mezani. Hata chai nilikuwa sijanywa. Naandika mwenyewe kabla hamjasikia kwa wengine, maana habari ikitoka huku kwetu Nsemulwa, ikifika Shanwe tayari imeshaongezwa chumvi na pilipili.

Kwanza mumjue Skola. Bila Skola hamtaelewa kwa nini mtu mwenye ndevu zake alisimama bila kuitwa.

Skola ni fundi cherehani. Anashonea barazani kwao, nyumba ya tatu kutoka kwangu. Mwaka jana shati langu lilikatika kifungo, nikampelekea. Akakishona, akakata uzi kwa meno, akanirudishia, akasema, "Haya kaka Deo, vaa salama." Basi. Maneno hayo tu. Mimi ni fundi baiskeli, nina akili zangu, lakini siku ile nilirudi kibandani Shanwe nikaziba pancha ya mteja mmoja mara mbili na ya mwenzake sikuigusa.

Tangu hapo nikawa nakata vifungo. Mwenyewe. Kwa wembe. Nina mashati manne, na kila wiki moja lilipata ajali. Vifungo vilipoanza kutia mashaka nikahamia kwenye mifuko. Kuna zipu ya koti niliivunja kwa koleo, nikatoka jasho. (Najua. Msiseme kitu, nimeshajisemea.)

Kumwambia nampenda nikashindwa. Njiani maneno yote ninayo, nayapanga vizuri. Nikifika barazani nasema "Shikamoo mama" kwa mama yake, halafu "kifungo tena" kwa Skola, naondoka. Mwaka mzima na miezi!

Kuna kitu nilikiona siku nyingi lakini sikukitilia maanani. Mara nyingi nikifika namkuta Skola kashika simu anamsomea mama yake, maana macho ya mama yameingia ukungu, hasomi tena. Wakiniona wananyamaza. Halafu mama ananitazama kuanzia juu mpaka chini, anatikisa kichwa, anasema, "Mh! Maskini." Nilidhani anavionea huruma viatu vyangu.

Sasa juzi nikasikia Skola anaondoka. Jumatatu anapanda treni kwenda Tabora kwa shangazi yake, kuna duka kubwa la kushona magauni ya harusi. Anahamia kabisa. Cherehani nayo inaenda.

Leo nikaamka nimeapa. Leo nasema, hata nife. Nikachukua wembe, nikakata kifungo cha nne kutoka juu, nikakitia mfukoni, nikavaa shati hilohilo. (Ningesema bila kifungo? Ningeanzia wapi?) Bahati nzuri zamu ya kupokea sala ilikuwa kwao. Hesabu yangu ilikuwa rahisi: tusali, watu watawanyike, nibaki nyuma, nitoe kifungo, niseme.

Tukakaa sebuleni kwao, wengine kwenye mkeka, wengine kwenye mabenchi. Skola alikaa kwenye mkeka karibu na cherehani yake, ambayo ilikuwa imeshafungwa kwa kamba tayari kwa safari. Nilipoiona ile kamba roho iliniuma kweli.

Tukaimba, tukasoma neno, tukafika kwenye maombi. Mzee Joakimu, mwenyekiti wetu, akasema, "Mwenye nia aitoe." Bibi Veneranda akaliombea goti lake, kama kila Jumamosi. Tukaitikia. Halafu Mama Skola akakohoa, akafumba macho.

"Mimi naomba tumwombee kijana mmoja. Jina nalihifadhi, Mungu anamjua."

Nikafumba macho na mimi, nikatulia. (Mjinga.)

"Kijana huyu anampenda binti, ee Bwana. Anampenda mpaka imekuwa ugonjwa. Hali akashiba, halali akapumzika. Anachukua kitu chake kizima, anakiharibu kwa mikono yake mwenyewe, kisha anampelekea yule binti amtengenezee, ili tu apate kumwona."

Jamani. Mkono wangu ulienda mfukoni wenyewe, ukakishika kifungo.

"Binti anatengeneza, anamrudishia. Yeye anasema asante, anaondoka. Wiki inayofuata amekiharibu tena!"

Sebule nzima ikaguna. Mama mmoja nyuma yangu akashindwa kuvumilia: "Sasa kwa nini hasemi?"

"Ndiyo hapo!" Mama Skola akafumbua macho, akasahau kwamba yuko kwenye sala. "Hasemi! Kuna siku walibaki wawili tu, mvua nje inanyesha. Akafungua mdomo. Tukasema leo, leo! Akamwambia, leo kuna baridi. Baridi!"

(Mimi nimeshawahi kumwambia Skola leo kuna baridi. Mwezi wa sita. Nikaondoka najipongeza kwamba tumeongea.)

Mama akafumba macho tena. Sauti ikaanza kutetemeka. "Na sasa binti anaondoka, Bwana. Anapanda treni. Na huyu kijana bado yupo kimya. Mfungue kinywa, Bwana. Akichelewa wiki hii, basi tena. Sisi tunaomtazama tunaumia. Ee Bwana..."

"Twakuomba utusikie," wakaitikia wote.

Mimi sikuitikia. Mimi nilisimama.

Nawaambia ukweli, wakati ule sikuona aibu hata kidogo. Nilijua mama ameshanigundua, ananipa nafasi ya mwisho kwa heshima, bila kunitaja. Na mbele ya Mungu! Machozi yalikuwa yananilengalenga. Nikasema, "Ni mimi."

Mzee Joakimu akashusha miwani. "Ni wewe nini, Deo?"

"Huyo kijana. Ni mimi." Nikatoa kifungo mfukoni, nikakinyanyua juu wakione. "Hiki nimekikata leo alfajiri kwa wembe. Na vile vingine vyote ni mimi. Mama, nisamehe. Na mfuko ni mimi. Na zipu ya koti, niliivunja kwa koleo. Nampenda Skola. Nampenda mpaka sijielewi. Nimeshindwa kusema zaidi ya mwaka, leo nasema. Skola, nakuomba usiende."

Nikamaliza. Nikabaki nimenyanyua mkono na kifungo changu.

Skola alikuwa amejifunika uso wote kwa khanga. Mama Skola alikuwa ananitazama mdomo wazi, na mkono kaweka kifuani.

"Deo mwanangu," akasema polepole, "mimi nilikuwa namwombea Hiroshi."

"Hiroshi nani?" akauliza Mzee Joakimu.

"Wa ukoo gani huyo?" akadakia Bibi Veneranda. "Ni wale waliohamia kule bondeni?"

"Ni Mjapani, bibi."

"Yule wa kujenga barabara?"

"Wa barabara ni Wachina," akasema mtu.

Ndipo Skola akatoa uso kwenye khanga. Macho yake yalikuwa mekundu, sijui kwa kucheka, sijui kwa kulia. Akasema kwa sauti ndogo, "Ni wa kwenye katuni. Katuni za Kijapani, zinaitwa manga. Huwa namsomea mama kwenye simu. Hiroshi anavunja miavuli yake, anampelekea msichana anayetengeneza miavuli." Akanyoosha simu mbele wakaona. Kijana wa kuchorwa, macho makubwa, nywele zimesimama, mkononi mwavuli uliovunjika.

Nyie! Nimesimama kwenye jumuiya, nimemwaga moyo wangu wote, kwa ajili ya mtu wa kuchorwa kwa penseli!

Mzee Joakimu akamgeukia mama. "Mama Skola. Umetuombesha katuni?"

"Mateso yake ni ya kweli, mwenyekiti!"

Hapo ndipo sebule ilipopasuka. Wamecheka, jamani. Kuna mama alilala kabisa kwenye mkeka. Bibi Veneranda alicheka mpaka goti likamuuma, akaomba tena liombewe. Mimi nimesimama tu. Kukaa nimeshindwa, kutoka nimeshindwa, mkono wenyewe nilisahau kuushusha.

Mzee Joakimu akachukua simu ili aone kilichoombewa. (Kama mwenyekiti, alisema.) Akavaa miwani vizuri. Ukurasa mzima ulikuwa ni mikono miwili tu kwenye mpini wa mwavuli, vidole havijagusana. Akaisogeza simu karibu na macho. Watu wakaanza kusogea nyuma yake mmojammoja.

"Wanagusana?" akauliza Bibi Veneranda.

"Bado."

"Funua mbele."

Akafunua. Mikono ileile, vidole vimesogea kidogo sana.

"Na sasa?"

"Bado, bibi, ngoja!"

"Kwani huyu mtoto anasema lini?" Mzee Joakimu akamuuliza Skola, kama vile ni kosa lake.

"Tumefika sura ya themanini na saba, bado hajasema. Inatoka moja kila wiki."

"Themanini na saba!" Bibi Veneranda akanigeukia, akanitazama kwa mara ya kwanza kwa heshima. "Basi afadhali huyu wetu."

Nikaona wote wameinamia simu, nikanyata mpaka mlangoni. Barazani viatu vilikuwa lundo. Nikavaa vya kwanza nilivyoviona, nikashuka ngazi. Hatua tatu nikasikia, "Kaka Deo."

Skola. Kasimama na sindano yenye uzi tayari.

"Umevaa viatu vya mwenyekiti," akasema.

Nikatazama chini. Kweli. Kimoja. Kingine kilikuwa cha kike.

"Lete kifungo."

Nikampa. Nikaanza kufungua shati, akasema, "Acha, simama hivyohivyo." Akaanza kukishona nikiwa nimelivaa. Nyie, nilisimama wima, sipumui. Ndani nikasikia Mzee Joakimu anawaamrisha waache simu wamalize sala, wakaanza Baba Yetu, lakini sauti zote zilitokea upande wa dirishani.

"Kifungo kikianguka chenyewe," Skola akasema bila kuninyanyulia macho, "uzi unabaki umechakaa, una manyoya. Vyako vilikuwa vimekatwa safi. Tangu cha pili nilijua."

"Sasa mbona hukusema?"

"Na wewe mbona hukusema?" Hapo alininyanyulia macho, na kwa kweli alikuwa amekasirika. "Ile hadithi niliianza kwa ajili yako. Nilitaka nijue mtu anayeharibu vitu vyake huwa anasema lini. Nimesoma sura themanini na saba, kaka Deo! Mama yangu analia kila wiki, hata wewe ukifika bado anasema maskini kwa ajili ya Hiroshi. Nikakata tamaa, nikakata tiketi."

Niliona vile vifungo vilikuwa karibu kunikosesha mke, na mwenyewe ndiye niliyevikata. Nikasema tu, "Nisamehe, Skola. Nilikuwa naogopa utanikataa, halafu nitakosa hata pa kuleta shati."

Akaacha kushona. Akatabasamu, kidogo tu. Mkono wake ukabaki pale kifuani kwangu, na safari hii vidole viligusa bila mtu kufunua ukurasa.

"Na Tabora?" nikauliza.

"Tabora nitaenda, shangazi nimemwahidi. Nitamsaidia mwezi mmoja nirudi. Cherehani itabaki." Akainama, akakata uzi kwa meno. "Ila ukija hapa kumwona mama, usije na kifungo. Njoo na mshenga."

"Mshenga nipo!" ikatoka sauti dirishani. Mzee Joakimu. Hata Amina walikuwa hawajasema.

Basi ndugu zangu, hivyo ndivyo ilivyokuwa. Nimerudi nyumbani na kiatu kimoja cha mwenyekiti, kimoja cha mama asiyejulikana, na kifungo cha nne kimeshonwa kwa nyuzi nyingi mno, naona hata kwa wembe hakitoki. Mtaani watoto wameshaanza kuniita Hiroshi. Jumamosi ijayo jumuiya nzima imeomba isomewe sura ya themanini na nane baada ya sala, Skola aisome kwa simu kutoka Tabora.

Nawaomba msinicheke. Na kama kuna anayemjua mchoraji wa ile katuni, amfikishie Hiroshi salamu zangu: asimame tu aseme, inauma kama dakika tano hivi.