Visigino vya Sentimita Tano kwa Wanaume wa Kampuni Yetu

Idara ya Utawala, Ghorofa ya Pili
Kiwanda cha Vifuniko vya Mabafu cha Hamamuro, Toyama

Mheshimiwa Mkurugenzi Mkuu Hamamuro,

Miti ya cheri imeshapukutisha maua na mvua zimeanza. Natumai mgongo wako haukusumbui kama mwezi uliopita. Mimi ni Uozumi, mkuu wa Utawala, mtumishi wako wa miaka ishirini na sita, ambaye sijawahi kulalamika hata siku ile kiyoyozi kiliponidondokea. Leo nalalamika, tena naandika miguu yangu yenye malengelenge ikiwa ndani ya ndoo ya maji ya uvuguvugu chini ya meza.

Jambo lenyewe ni Kanuni ya Mavazi, kifungu cha saba, kinachotaka viatu vya mchuchumio, kisigino sentimita tano, kwa heshima ya mteja. Kifungu hicho nilikitunga mwenyewe kwa ajili ya wafanyakazi wanawake, na kimefanya kazi vizuri sana, hakuna aliyewahi kulalamika. Mwaka huu kimebadilishwa. Sasa kinawahusu wafanyakazi wote, wanawake kwa wanaume.

1. Badiliko hilo nililipitisha bila kulijua. Bi Nunokawa, karani wangu, alizungusha waraka wa Aprili wenye badiliko hilo ili wakuu wote tuugonge mihuri kama kawaida. Taratibu unazijua: muhuri wa mdogo huegemezwa kidogo upande wa kushoto, uonekane unauinamia muhuri wa mkubwa wake. Nilitumia robo saa nzima kutafuta mwinamo unaokifaa cheo changu, nikaupata, tena mzuri. Nafasi ya kusoma yaliyoandikwa haikubaki. Nadhani wakuu wenzangu wanane nao walikuwa kwenye kuinamisha. Wewe, Mheshimiwa, huna wa kumwinamia, kwa hiyo sijui udhuru wako ni upi. Naomba radhi kwa sentensi hiyo.

2. Nadhalilika mlangoni. Kila asubuhi mimi ndiye niliyekuwa nasimama pale na rula nikipima visigino vya akina dada. Sasa rula anayo Bi Nunokawa. Jumatatu aliniambia mbele za watu, "Mkuu, hii ni nne na nusu. Rudi ukabadilishe." Nikamwambia jamani, nusu sentimita ni kitu gani? Akajibu, "Nusu ni heshima ya mteja, Mkuu." Maneno hayo ni yangu, lakini mimi nilikuwa nayasema kwa upole.

3. Mazoezi ya redio, yale ya viungo tunayofanya sote kila asubuhi kwa kufuata redio, saa mbili na nusu uani. Kwenye ile sehemu ya kurukaruka, Bwana Magara wa Mauzo, kilo tisini na nane, alizamisha kisigino kwenye wavu wa mtaro akanasa pale mpaka mchana. Tulimpelekea matonge ya wali na chai. Simu za wateja alizipokea akiwa hapohapo, chini ya mwavuli.

4. Kuinama. Hili ndilo linaloninyima usingizi. Jumanne alikuja Bwana Tsukigata, mwenye hoteli ya chemchemi za maji moto, anayechukua nusu ya vifuniko vyetu. Nikainama nyuzi thelathini za kumkaribisha. Mwili wa mwanamume, Mheshimiwa, uzito wake uko mbele, hasa akishavuka miaka hamsini. Basi niliinama nikaendelea kwenda. Nilimpiga kichwa cha tumbo, tukaangukia wote wawili kwenye meza ya sampuli. Sasa Alhamisi lazima niende kumwomba radhi, na radhi ni nyuzi arobaini na tano, unahesabu mpaka tano ndipo unyanyuke. Nikianguka tena nitatakiwa kuomba radhi kwa ile radhi, nyuzi tisini, na hapo sijui nani atabaki mzima. Tukimpoteza mzee huyu, atakayehamishiwa ghala la mlimani ni mimi, miaka mitatu kabla ya kustaafu.

5. Wanawake wana kipaji cha kuzaliwa. Nilipomweleza mke wangu Fumie, alicheka mpaka akakaa sakafuni. "Kipaji gani, baba? Mguu wangu umewahi kuuangalia wewe?" Sikuona uhusiano.

Kwa hiyo naomba kifungu cha saba kirudishwe kwa wanawake peke yao kabla ya Alhamisi. Ikishindikana, wanaume turuhusiwe kwenda kwa wateja tukiwa tumekaa kwenye viti vya ofisi vya magurudumu, tukisukumwa na wenzetu wa kike. Na hilo likishindikana, wateja waombwe wainame wao.

Nisalimie Mama Hamamuro, wote wa ghorofa ya nne, na yule paka wa bohari. Hapa ghorofa ya pili wote wanakusalimu, waliosimama na walioanguka.

Wako mtiifu,
Kiyotaka Uozumi
Mkuu wa Idara ya Utawala

Nyongeza. Barua zote zinazokuja kwako husajiliwa na Bi Nunokawa, na hii ameshaisajili, kwa hiyo siwezi tena kuichana. Aliisoma mara mbili. Hakucheka. Akavuta droo ya meza yangu, ile ya chini kabisa, akatoa ombi la wanawake wa ghorofa ya pili la miaka tisa iliyopita, aliloliandika yeye. Malengelenge yamo, mazoezi ya redio yamo, kuinama kumo. Tena lina jambo moja ambalo mimi sina: wakati ule alikuwa na mimba ya miezi saba, na alikuwa ameshaanguka ngazini mara moja. Pembeni kuna jibu la mkuu wa idara, neno moja tu, kwa mwandiko wangu: "Mtazoea." Nimekaa nalo hapa tangu saa nane. Mheshimiwa, nijibu lolote utakalo, ila neno hilo nakuomba usinijibu.