Chatu Wangu na Kipupwe cha Mahege

Jumanne, 1 Julai 1952
Nimemnasa chatu! Amelala kwenye mabua ya mpunga, ananipita kimo. Jumamosi Mzungu anayekusanya wanyama hai atafika Bungu na lori lake. Tena anatafuta mtu wa kuwatunza. Nani kama mimi, Bwanaheri? Mke wangu Johari alirudi kwao Chumbi na mwanetu Mwanaidi, akaapa hakanyagi hapa Mahege mpaka nipate kazi ya maana. Nimempelekea salamu leo leo: njoo Bungu Jumamosi, kazi imepatikana. (Bado. Lakini ni kama imepatikana.)

Jumatano, 2 Julai
Baridi kali. Chatu kajikunja kwenye tenga kama kata ya kichwani. Hataki kula. Jirani yangu Kondo, aliyemnasa fungo, mnyama mfano wa paka, ampelekee Mzungu huyo huyo, akaja kuchungulia. Akasema nyoka hajipashi joto mwenyewe. Nimwanike asubuhi, jua likikaza nimsogeze kivulini, na asilishwe mpaka apate moto mwilini. Nikamshukuru. Anadhani mimi mjinga! Nikampanua chatu kinywa, nikamsukumia kuku. Kuku wa mwisho wa Johari. Nimeumwa mara mbili.

Alhamisi, 3 Julai
Kamtapika kuku, kaoza. Nyumba nzima inanuka. Basi nimeyachoma mawe jikoni, nikayapanga ndani ya tenga, nikamfunika chatu kwa khanga ya Johari. Akatulia palepale juu ya mawe. Hata hakujitikisa. Raha iliyoje!

Ijumaa, 4 Julai
Magamba ya tumbo yamebabuka yote. Kumbe alikuwa anaungua. Nyoka hana sauti ya kulia. Nikameza aibu, nikaenda kwa Kondo. Hakunicheka. Alileta asali, akampaka polepole kama anayempaka mtoto. Alasiri akafa. Nimelia, mtu mzima na ndevu zangu. Siku hizi chache, nikiamka, nilikuwa na wa kumsalimu.

Jumamosi, 5 Julai
Nilikwenda Bungu hivyo hivyo, mikono mitupu. Mzungu kamchukua fungo, na kazi kapewa Kondo. Kondo akaniombea na mimi. Mzungu akauliza mnyama wangu yuko wapi. Nikatazama chini. Kuinua macho, Johari huyo! Kavuka mto, katembea, vumbi mpaka magotini, Mwanaidi mgongoni. Akauliza kazi gani niliyopata. Nikamwambia kweli. Laiti angenigombeza! Alikaza mbeleko tu, akasema, "Baba Mwanaidi, salamu nyingine usinitumie." Akarudi alikotoka. Mtoto alinigeukia, akanipungia mkono mpaka njia ikawameza.

Jumapili, 6 Julai
Sikula. Nimefikiri sana, na kosa nimeliona: chatu yule alikuwa dhaifu tangu mwanzo. Leo nimefukua mayai ya kenge kichuguuni, kumi na mawili, mazima! Kenge ni mnyama imara. Kondo kapita kuaga, akaniambia niyarudishe nilikoyatoa. Wivu huo, na kazi keshapata! Nimeyafukia jikoni kwenye majivu ya moto yaanguliwe upesi, nikaongeza kuni.