Pitahaya Zote za Nyumba Yetu

Jumatatu, 12 Agosti

Nimeona damu. Si yangu. Ya Baba.

Niliingia chooni baada yake, na tangi letu lile la kubembelezwa halikuwa limesafisha vizuri. Nyekundu! Nilipotoka nikamkuta uani, ameketi kwenye kigoda, tao la marimba limemzunguka kiuno, anafanya mazoezi ya harusi ya Jumamosi. Akaniangalia. Akafungua mdomo, akaufunga, kisha akasema ni pitahaya, si unajua msimu wenyewe, jana kanywa jagi zima. Nikacheka. Naye akacheka.

Kila mtu hapa Masaya anajua. Ukinywa juisi ya tunda hilo jekundu leo, kesho choo kinavaa nguo za sikukuu.

Nilikuwa nimeshafika jikoni nilipokumbuka doa jekundu kwenye suruali yake nyeupe. Wiki ya Pasaka. Pasaka huipati pitahaya hata ukiiombea novena ya siku tisa.

Ningeweza kurudi nikamuuliza. Lakini Baba ana haya zake, na kumuuliza mtu kavukavu ni kazi ya polisi. Mimi nimesoma falsafa. Nitatumia akili.

Jumanne, 13 Agosti

Nimesoma mchana kutwa kuhusu damu chooni, wanafunzi wangu nikawapa waandike insha kuhusu ukimya. Mara nyingi ni jambo dogo: bawasiri, au mpasuko kwa sababu ya choo kigumu. Huweza kuwa amiba, na kuhara. Kikitoka cheusi kama lami, chenye kunata, huenda kidonda cha tumbo kinavuja huko juu. Lakini pia kuna vinyama vinavyoota ndani ya utumbo mpana. Kuna saratani. Damu ikirudi wiki baada ya wiki, mtu akikonda, akipauka, choo chake kikibadilika tabia, na hasa akiwa na umri mkubwa, asikae nyumbani kubahatisha. Na ikiwa nyingi, au nyeusi, au akahisi kuzirai, ni siku hiyohiyo.

Baba amekonda. Mkanda wake ameutoboa tundu jipya kwa msumari, ndani kabisa.

Mpango wa kwanza: fumbo. Mezani nikasimulia habari za mwanafalsafa mmoja (nimemtunga) aliyeficha maradhi ya utumbo hadi yakamuua. Nilisimulia vizuri sana. Baba akasema maskini, akaomba maharage zaidi. Mama akauliza kama chuo kikuu ndiko wanakofundishwa kuzungumzia matumbo watu wakila.

Ardhi imelimwa. Mbegu itaota.

Jumatano, 14 Agosti

Mpango wa pili: mtaalamu. Nimemwalika Marbely chakula cha mchana. Marbely ni binti wa shangazi, muuguzi wa kituo cha afya, ana sauti ya mnadani na hajawahi kumaliza kitabu. Nilimdokeza mlangoni, kwa ustadi, kwamba aje na macho wazi.

Hana hata chembe ya staha! Kabla hajameza tonge la kwanza akamwambia Baba, "Mjomba, mbona umepauka kama jibini? Unaenda chooni vizuri wewe?" Mbele ya wali! Nikampiga teke chini ya meza. Akapiga kelele kwamba nimemvunja mguu, mazungumzo yakahamia kwenye mguu. Baba akajibu kwamba weupe ni wa mawingu ya mvua, akatoka kwenda kukaza kamba za marimba.

Kidogo tu aharibu kila kitu. Bahati nilikuwepo.

Ijumaa, 16 Agosti

Mpango wa tatu, na ndio wenyewe. Baba anajificha nyuma ya pitahaya. Basi, ondoa pitahaya! Siku asipoinywa, choo kitasema ukweli, na yeye hatakuwa na pa kukimbilia. Ni mantiki tupu, hata Marbely angeielewa akichorewa.

Tatizo ni Mama. Kaka yake ana shamba la pitahaya kule La Concepción na ametuletea kapu. Kutupa chakula nyumbani kwetu ni dhambi ya kuungamia. Kwa hiyo nimezinywa. Jagi la asubuhi, la mchana, la jioni. Baba ameambulia kakao, hakulalamika.

Jumamosi, 17 Agosti

Kapu karibu limekwisha. Bi Chepita, jirani, alinichungulia juu ya ukuta nikiwa na bilauri ya nne, akaniletea kapu lake lote. Akanishika tumbo, akasema Mungu mkubwa, akauliza kijana mwenyewe ni wa ukoo gani. Sasa mtaa mzima unajua nina mimba.

Nimezinywa hizo nazo.

Baba amerudi harusini mapema. Alipumzika kila baada ya wimbo mmoja. Alisema marimba imekuwa nzito siku hizi.

Jumapili, 18 Agosti

Ninakufa!

Ndivyo nilivyopiga kelele alfajiri. Nyekundu kote, hata mkojo. Nimesoma kuhusu saratani wiki nzima, akili ilikuwa na nafasi ya maradhi yote ila pitahaya. Baba alikuja mbio miguu mitupu. Akanitia ndani ya bajaji. Njia nzima amenishika mkono, anarudia, "Tangu lini, mwanangu? Mbona hukusema? Mambo haya hayafichwi!"

Yeye! Aliniambia hivyo yeye!

Zamu kituoni ilikuwa ya Marbely, naam. Akauliza nimekula nini. Nikataja. Akauliza kiasi gani. Nikataja. Akaangua kicheko kikasikika hadi barabarani. Mama mmoja mwenye kitoto akasema hata kuku wake anajua kwamba ukidonoa pitahaya unanya nyekundu. Benchi zima likacheka. Baba akasimama ili acheke vizuri, akashika ukuta, ukuta ukamkatalia. Akaanguka.

Marbely ndiye aliyemdaka. Hakuwa anacheka tena. Alipomlaza akamwinamia, akauliza polepole, "Mjomba, na wewe unatoka damu?"

Baba akasema ndiyo. Tangu Kwaresima. Hivyo tu, kama mtu aliyeulizwa saa.

Jumatatu, 19 Agosti

Damu yake imepungua sana. Wamemwongezea. Watampeleka Managua, wapitishe kamera ndani ya utumbo. Nimekaa na marimba yake. Sijui kuipiga. Nimeifuta vumbi.

Sina mpango wowote leo.

Alhamisi, 5 Septemba

Ni kinyama! Kilikuwa kikubwa, kinavuja taratibu. Wamekikata kwa kamera hiyohiyo. Maabara wamejibu: hakijageuka saratani. Daktari anasema kingeachwa, baada ya miaka huenda kingegeuka. Baba atarudi kuangaliwa tena. Anameza vidonge vya madini ya chuma, na Marbely ameonya familia nzima, kwa sauti, kwamba vitafanya choo kiwe cheusi, hivyo mtu fulani asikimbilie bajaji.

Nimemjibu kwamba bila mtu huyo Baba asingefika kituoni. Mpango wa tatu umefaulu. Kwa njia ya mzunguko, lakini umefaulu.

Jumapili, 8 Septemba

Baba amepiga marimba leo, nyimbo tatu mfululizo. Mashavu yamerudiwa na rangi. Baadaye akaniita kwenye kigoda, akaniambia asubuhi ile, nilipotoka chooni, alikuwa ameshafungua mdomo anieleze. Miezi yote hiyo aliogopa, akingoja mtu amuulize. "Ungeniuliza tu, mwanangu. Nilikuwa nakwambia, nikaona haya nikataja pitahaya, nawe ukacheka."

Nimelia. Nimeelewa. Nimeelewa kabisa kabisa.

Jioni nimemwona Mama akipanda ngazi na kapu la nguo. Alisimama katikati, mkono kifuani, anatafuta pumzi. Wiki hii ni mara nyingi. Alipogundua namtazama akasema ni jua. Mvua inanyesha tangu asubuhi.

Akafungua mdomo, akaufunga.

Ningeweza kumuuliza. Lakini Mama ana haya kuliko Baba, na kuuliza kavukavu ni kazi ya polisi. Nimeshakwenda kwa Bi Chepita kuazima bata mzinga. Kesho nitamwachia bata ngazini, Mama amkimbize hadi aishiwe pumzi mbele ya Marbely.

Mbinu hii haina dosari.