Maili Sitini na Moja Sebuleni

Jumatatu, tarehe 9 Juni

Goti la mke wangu Marlys: linakunjika digrii mia moja na tatu. Daktari anataka mia moja na kumi kufikia Ijumaa. Lisipofika, atamlaza tena kwa nusu kaputi na kulikunja kwa nguvu. Alisema hivyo huku anatabasamu. Ni wiki ya tano tangu Marlys awekewe goti la chuma. Njia nzima ya kurudi yeye aliangalia mashamba ya mahindi tu.

Naogopa. Nayaandika haya hapa kwa sababu hakuna atakayesoma.

Soledad, mtaalamu wake wa mazoezi ya viungo, kaagiza apige pedali nusu saa asubuhi na nusu saa jioni. Baiskeli ya mazoezi hatuna. Nikapata wazo! Nikaichukua baiskeli yangu ya barabarani, nikalifunga gurudumu la nyuma kwenye stendi katikati ya sebule, nikainua siti mpaka mwisho. Marlys ananizidi urefu kwa vidole vinne, jambo ambalo hatulizungumzi.

Akapiga pedali, ameuma meno. Mimi nikamtia moyo kutoka kwenye kochi, bakuli la LaVonne mapajani: nyama ya kusaga, mchuzi wa uyoga wa kopo, viazi vya kukaanga juu. Kanisa limetupangia zamu. Kila siku bakuli moja la oveni, na jina la mwenyewe limebandikwa chini ili lijue kwao.

Jioni simu ikalia. Ujumbe wa matokeo ya Wiki ya Maili, shindano la kilabu chetu cha baiskeli cha kanisa. Duane Kjelland, maili kumi na nne. Verlyn Tostrud, maili tisa.

Verlyn Tostrud ni mimi. Leo sijavuka hata lango.

Kidude cha kuhesabia maili! Kimebaki kwenye gurudumu, na chenyewe kinapeleka kila kitu kilabuni.

Jumanne, tarehe 10 Juni

Nilikusudia kukitoa asubuhi. Kweli kabisa. Lakini Duane aliniwahi kwenye uzio. Alisema ameona maili zangu, na kwamba kwa mtu wa umbo langu si haba.

Umbo langu!

Ni lazima nieleze habari za Duane. Ni jirani yetu, mstaafu, mapaja ya chuma, baiskeli nyepesi unayoweza kuinyanyua kwa kidole. Anaoka mkate mwenyewe. Miaka minne mfululizo ameshinda Wiki ya Maili. Mshindi huvaa fulana ya njano na kuongoza msafara wa Jumamosi hadi ziwani. Duane huvaa yake akikata majani. Huvaa akitoa taka. Wiki iliyopita alileta bakuli la bata na mchele mweusi wa ziwani kwa ajili ya Marlys, akakaa barazani kwetu nusu saa ndani ya fulana ile, na Marlys akaomba maelezo ya upishi. Mapishi yangu mimi hajawahi kuyaulizia.

Kwa hiyo kidude kimebaki. Isitoshe, nimefikiri kitaalamu: mtu akipiga pedali kwenye gia kubwa, kila mzunguko mmoja unakwenda mbali zaidi. Nikaisogeza gia kimyakimya. Nikamwambia Marlys kuwa goti linapenda kazi. Aliniangalia kwa muda, kisha akakanyaga.

Maili ishirini na moja kwa siku moja! Jumla: Verlyn thelathini, Duane ishirini na tisa.

Nikatoka nje kumwagilia maua. Nilimwagilia upande wa uzio wa Duane kwa dakika arobaini mpaka akatoka.

Jumatano, tarehe 11 Juni

Goti limevimba mpaka suruali haipandi.

Soledad alikuja saa nne na kipimo chake cha plastiki. Digrii tisini na tisa. Limerudi nyuma! Akauliza nini kimebadilika. Marlys akasema hajui. Mimi nilikuwa nakagua dari. Soledad akainama, akaitazama gia, akairudisha ndogo, halafu akanitazama mimi kama mtu anayetazama maziwa yaliyoganda.

Alipoondoka, Marlys alilala na barafu juu ya goti na macho kwenye ukuta. Alisema polepole kwamba hataki kulazwa tena, kwamba mara ya kwanza alipozinduka hakujua yuko wapi wala mimi ni nani. Sikulijua hilo. Miaka thelathini na nane ya ndoa na sikulijua. Mimi ni mtu wa hovyo.

Nimekitoa kidude. Nimekificha kwenye droo ya vijiko, chini ya vijiko vya wageni. Nikaenda kwa Duane kuungama.

Nilijikuta nimesimama mlangoni pake, kofia mkononi. Nilimwambia wazi: zile maili si zangu. Duane akatikisa kichwa taratibu. Akasema hicho ndicho anachokipenda kwangu, sijikwezi. Nikarudia: Duane, sikupiga pedali hata moja. Akanishika bega. Akasema na yeye mwaka wa kwanza alisema hivyohivyo, kwamba ni upepo uliomsukuma.

Hapa kwetu Minnesota ndivyo tulivyolelewa. Mtu akisifiwa sharti akane. Ukimwambia mama pai yake ni tamu, atasema imeungua. Sasa mimi, siku moja maishani mwangu niliyosema kweli tupu, nimeonekana muungwana!

Nikakataa kahawa mara mbili, nikakubali mara ya tatu, nikarudi nyumbani. Leo Duane amepiga maili ishirini na tisa kwenye mvua. Hamsini na nane kwa thelathini. Basi, yameisha. Nimejitoa, na dhamiri yangu ni safi. Nimekula bakuli zima la Ardis.

Alhamisi, tarehe 12 Juni

Jambo la ajabu.

Niliamka saa mbili na nusu nikasikia gurudumu linaimba. Marlys yuko sebuleni, juu ya baiskeli, amejifunga taulo shingoni. Uvimbe umepungua. Hakuitwa, hakubembelezwa. Gia ndogo, miguu mbio. Nilimwambia apumzike. Akaniambia nisimzibie televisheni.

Alipiga asubuhi, akapiga baada ya chakula cha mchana, akapiga jioni. Kati ya hapo anaweka barafu na kuuliza saa ngapi.

Jioni simu ikalia. Verlyn Tostrud, arobaini na tisa.

Nikakimbilia droo ya vijiko. Hakuna kitu! Kidude kiko kwenye gurudumu. Nimewaza sana. Sababu ni moja tu: nilidhani nimekitoa lakini sikukitoa. Au nilikirudisha mwenyewe bila kujijua. Mikono yangu inataka ushindi hata moyo ukikataa. Mimi ni nani hata nishindane na mikono yangu?

Duane leo hakuendesha. Mgongo umemkaza kwa ile mvua. Nilimpelekea salamu za pole juu ya uzio, nikamwonyesha kwa kunyoosha mikono juu jinsi mgongo mzima unavyokuwa.

Ijumaa, tarehe 13 Juni

Hospitali saa tatu. Daktari alimkunja goti, akasoma kipimo, akasoma tena. Nilikuwa nimeshika mkoba wa Marlys kwa mikono yote miwili.

Mia moja na kumi na mbili!

Hakuna nusu kaputi. Hakuna kulazwa. Daktari alisema angependa kujua ni nini kilichomsukuma mgonjwa wiki hii. Marlys alisema nyumbani kuna msaada mkubwa. Mimi niliinamisha kichwa kama inavyopasa. Ndani ya gari nililia kidogo, Marlys akanipa leso yake bila kugeuka, kisha akauliza kama tunaweza kuharakisha, maana ana mazoezi.

Akapiga pedali tena, saa nzima, mpaka kilabu kikafunga hesabu saa kumi na moja jioni. Duane, pamoja na mgongo wake, alijikongoja maili mbili za mwisho. Sitini.

Verlyn Tostrud, sitini na moja.

Mchungaji alipiga simu mwenyewe kunipongeza. Nikakana. Akafurahi zaidi.

Jumamosi, tarehe 14 Juni

Naandika nimelala chali.

Watu ishirini na watatu walikusanyika mbele ya kanisa, kofia ngumu vichwani. Nikavishwa fulana ya njano. Ni ya Duane, kwa hiyo ilifika kitovuni. Nilipoona jinsi alivyokuwa ananyoosha mgongo wake kwa tabu ili asimame wima kunipigia makofi, dhamiri ikanipanda tena. Nikaomba kusema neno. Nikawatangazia wote: maili hizi hazikuwa zangu, ni Marlys aliyezipiga, kila moja, sebuleni, mimi nikiwa nakula.

LaVonne akaanza kufuta machozi. Ardis akamwambia mumewe asikie jinsi mwanamume anavyomsifu mkewe. Mchungaji alisema atalitumia kwenye mahubiri. Walinipigia makofi mpaka njiwa wa mnara wakaruka.

Nikapanda baiskeli. Hapo ndipo nilipokumbuka siti.

Ilikuwa bado imeinuliwa kwa Marlys! Pedali nilizifikia kwa ncha za vidole. Ardhi sikuifikia kabisa. Lakini kiongozi wa msafara hasimami mbele ya watu wote kuomba spana. Nikaongoza. Maili ya kwanza, sawa. Maili ya pili niliona nyota. Maili ya tatu, pale penye maghala ya nafaka, trekta likatoka shambani na kusimama katikati ya njia. Nikafunga breki. Nikashusha mguu wa kulia. Nikaendelea kuushusha. Ukaendelea kushuka na mimi nikaufuata mpaka mtaroni.

Wa kwanza kushuka mtaroni alikuwa Duane, na mgongo wake ule. Alinivuta kwa kwapa. Alisema nimeongoza vizuri. Hakukuwa na kejeli ndani yake hata chembe, na hilo ndilo lililoniuma.

Nilirudishwa na gari lililobeba pai za kuliwa ziwani. Huko zilifika pungufu kwa tatu.

Goti langu la kulia: limeteguka. Sijui digrii.

Jumapili, tarehe 15 Juni

Siku ya Akina Baba. Nimelala kwenye kochi, barafu gotini. Mabakuli yameanza kuja, sasa kwa ajili yangu. Kengele ikilia Marlys anakwenda kufungua mwenyewe, bila fimbo. Nilimhesabia safari nne.

Bakuli la mwisho lilikuwa la Duane. Bata na mchele mweusi. Hakuwa na fulana, ninayo mimi. Alipoondoka, Marlys aliketi ukingoni mwa kochi na kusema anataka kuniambia kitu.

"Kile kidude kinalia kila maili moja, Verlyn. Goti ndilo lililofanyiwa upasuaji, siyo masikio. Nilijua tangu Jumatatu."

Nilimuuliza kwa nini hakusema.

"Nilitaka nione utafika wapi. Jumatano nikakikuta kwenye droo ya vijiko. Nikajua umejuta, na nikakupenda kwa hilo. Halafu nikawaza, miaka minne yule bwana anakaa barazani kwangu na ile fulana, leo nimebakiza maili ishirini na nane, wewe unaniachia? Nikakirudisha."

Akasema maumivu yalikuwa yaleyale, ila kila kikilia alikuwa anamwona Duane mbele yake, na alikuwa anamkaribia.

Nilimwambia nilikuwa nimeogopa sana kumpoteza wiki hii. Nililisema kwa sauti, kitu ambacho kwetu hakifanyiki kabla ya mazishi. Akaniangalia, akanipangusa mchuzi kidevuni. Kisha akatoka nje, akashusha siti kidogo kwa spana ili miguu ifike chini, akapanda baiskeli yangu na kwenda hadi mwisho wa mtaa. Barabara ya kweli! Nilimwangalia dirishani. Hakurudi upesi. Nililia tena, na nitasema ni vitunguu vya Duane.

Nimejifunza. Naandika kwa herufi kubwa: UDANGANYIFU BASI. Mtu mzima hashindani na jirani yake kwa vidude.

Binti yetu Annika ameniletea zawadi ya siku yangu, saa ya kuhesabia hatua. Anasema itanisaidia goti likipona. Nimekumbuka kuwa Septemba kanisa lina Mwezi wa Hatua, na mshindi wa mwaka jana ni Duane.

Ni kwa kujaribu tu. Nimechechemea hadi chumba cha kufulia, nikaifunga saa kwenye mashine wakati inakamua mashuka. Hatua elfu nne na mia mbili.

Kesho nafua mapazia.